Nyumba za gengeni Bandelier: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu matembezi ya korongo la Frijoles

Ukurasa huu unahusu njia fupi ya mzunguko ndani ya korongo la Frijoles, katika hifadhi ya Bandelier, jimbo la New Mexico, Marekani. Hapo utaona nyumba ambazo Wapueblo wa kale, wenyeji asilia wa eneo hili, walizichimba na kuzijenga kwenye genge, yaani ukuta wima wa mwamba laini. Anza na sehemu ya kwanza kama hujawahi kufika. Kama tayari una safari na unahofia ngazi au mtoto mdogo, ruka hadi sehemu ya tatu; kama unahofia barafu, ruka hadi ya tano.

## Mambo ya msingi

Njia ina urefu gani, na huchukua muda gani?

Mzunguko mkuu ni kama kilomita 2.2, unaanzia na kuishia kwenye kituo cha wageni. Mtu anayetembea bila kusimama anaweza kuumaliza kwa dakika 40, lakini hakuna maana ya kwenda hivyo. Tenga saa moja na nusu. Ukiongeza tawi la kwenda Alcove House (pango la kupandiwa kwa ngazi), ambalo ni kama kilomita 1.6 kwenda na kurudi, tenga saa nzima zaidi.

Nitaona nini kwa mpangilio?

Kwanza utapita kiva (chumba cha ibada na mikutano) kubwa iliyochimbwa ardhini, kisha mabaki ya kijiji cha Tyuonyi kilichokaa kwenye uwanda wa korongo. Baada ya Tyuonyi njia inagawanyika. Upande mmoja unapanda hadi usoni mwa genge, penye vyumba vilivyochimbwa na ngazi za kuingilia. Upande mwingine unabaki chini, tambarare. Ukipanda utapita Talus House, nyumba iliyojengwa upya mwaka 1920 ili wageni waone zilivyokuwa, halafu Long House, safu ya nyumba zilizoshikana inayofuata genge kwa takriban mita 240. Kutoka hapo unashuka hadi kwenye kijito na kurudi kituoni chini ya kivuli cha miti.

Vituo vya njiani vina nambari, na kijitabu chenye maelezo ya kila nambari hupatikana kwenye kituo cha wageni. Kichukue. Bila maelezo wageni wengi hupita mbele ya Long House wakiona ukuta wenye matundu tu.

Je, hapa ndipo penye mji mzima wa mawe ndani ya pango kubwa, kama kwenye picha maarufu?

Hapana. Picha hiyo kwa kawaida ni ya Cliff Palace, iliyoko Mesa Verde, jimbo la Colorado. Kule mwamba ni wa mchanga, umejifinyanga mapango mapana ya asili, na watu walijenga ndani yake. Kuingia Cliff Palace kunahitaji tiketi ya kuongozwa na askari wa hifadhi. Bandelier mwamba ni wa aina nyingine, unachimbika kwa mkono, na njia unaitembea mwenyewe bila kiongozi. Kama una siku moja tu na unalala Santa Fe, Bandelier ndiyo inayowezekana.

Tufu ni nini, na kwa nini kila maelezo yanaitaja?

Tufu ni majivu ya volkano yaliyoshikana yakawa mwamba. Volkano ya milima ya Jemez ililipuka mara mbili kwa ukubwa wa kutisha, takriban miaka milioni 1.6 na milioni 1.2 iliyopita, na majivu yake ndiyo yaliyogeuka kuwa kuta za korongo hili. Mwamba huu ni mwepesi, umejaa vishimo vilivyotobolewa na mvua na upepo, na mtu mwenye jiwe gumu la basalti anaweza kuupanua ukawa chumba.

Ukielewa hilo umeelewa karibu kila kitu kilichobaki kwenye ukurasa huu. Ulaini wa tufu ndio ulioleta nyumba hizi, na ndio unaozimaliza. Ukucha unaweza kuacha alama. Mkoba ukisugua ukutani unashusha vumbi, na vumbi hilo ni ukuta wenyewe.

## Kufika, muda na gharama

Nitafikaje kutoka mjini?

Kutoka Santa Fe ni mwendo wa takriban saa moja kwa gari, na kutoka Albuquerque ni karibu saa mbili. Hakuna namna rahisi ya kufika kwa usafiri wa umma moja kwa moja kutoka miji hiyo, hivyo watu wengi hukodi gari. Mji mdogo wa White Rock, kama kilomita 16 kabla ya hifadhi, ndio mahali pa mwisho pa uhakika pa kupata mafuta na chakula.

Nimesikia magari hayaruhusiwi kushuka korongoni. Ni kweli?

Ni kweli kwa msimu wa watu wengi, yaani kuanzia kiangazi hadi katikati ya Oktoba, tena kwa saa fulani tu. Maegesho ya korongoni ni madogo sana. Katika kipindi hicho unaacha gari White Rock na kupanda basi la hifadhi, ambalo halilipishwi nauli. Wenye kibali cha ulemavu kwenye gari na waliolipia kambi huruhusiwa kuingia na magari yao. Tarehe za kuanza hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo zitazame kwenye tovuti ya hifadhi wiki ya safari, siyo mwezi mmoja kabla.

Tangazo la basi la hifadhi linasema 9:00 hadi 3:00. Ni saa ngapi hasa?

Swali hili limewapotezea watu asubuhi nzima, kwa hiyo acha tulijibu taratibu. Saa za Marekani huhesabiwa kuanzia usiku wa manane na adhuhuri. 9:00 ya asubuhi ni saa tatu asubuhi kwa Kiswahili, na 3:00 ya mchana ni saa tisa alasiri. Kwa hiyo ukifika langoni kabla ya saa tatu asubuhi, au baada ya saa tisa alasiri, unaweza kushuka na gari lako mwenyewe hata katika msimu wa mabasi, mradi maegesho yana nafasi.

Ukiwa na hiari, chagua asubuhi. Alasiri ya Julai na Agosti ndiyo yenye radi (tazama swali la mvua hapo chini).

Kiingilio ni kiasi gani?

Hulipwa kwa gari zima, na kwa miaka ya karibuni kimekuwa dola 25, kinachodumu siku saba. Weka risiti. Risiti hiyohiyo inatumika Tsankawi, sehemu nyingine ya hifadhi iliyotajwa mwishoni mwa ukurasa. Pasi ya mwaka ya hifadhi za taifa za Marekani inakubalika. Njoo na kadi ya benki, usitegemee noti peke yake.

Mwinuko utanisumbua?

Kituo cha wageni kiko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Hiyo ni juu kidogo kuliko Nairobi. Aliyezoea Nairobi au Mbeya hatahisi tofauti. Anayetoka Mombasa, Dar es Salaam au Muscat, au aliyeshuka kwenye ndege jana kutoka mji wa pwani ya Marekani, atahema mapema kwenye ngazi na pengine kichwa kitamgonga. Dawa yake ni kupunguza mwendo na kunywa maji kabla kiu haijaja. Hewa ya huku ni kavu kiasi kwamba jasho linakauka kabla hujaliona, na mtu hudhani hajapoteza maji.

Nibebe nini?

Maji lita moja kwa kila mtu kwa mzunguko mkuu, lita moja na nusu ukienda Alcove House. Kofia, kwa sababu sehemu ya gengeni inatazama kusini na haina kivuli. Viatu vilivyofunikwa vyenye soli ya kushika: kandambili huchomoka kwenye ngazi, na soli iliyolika huteleza kwenye vumbi la tufu kama vile imepakwa unga. Mkoba uwe wa mgongoni ili mikono miwili ibaki huru. Tochi ya simu itakusaidia kuona dari za vyumba.

## Ngazi, watoto na miili yetu

Ni lazima kupanda ngazi za mbao?

Hapana. Kiswahili kinatuponza hapa, maana neno ngazi linabeba vitu viwili. Kwenye mzunguko mkuu, ngazi za mawe za kukanyaga ni za lazima kama unataka kupita usoni mwa genge; baadhi ni nyembamba na hazilingani kimo. Ngazi za mbao za kuegemeza, zile za kupanda kwa mikono na miguu, ni za hiari: zimewekwa ili uingie ndani ya chumba, uangalie, ushuke. Unaweza kuziacha zote na bado ukaona nyumba nyingi kutoka njiani.

Alcove House ni habari nyingine. Huko ngazi za mbao ndiyo njia pekee.

Alcove House ikoje, na je, niipande?

Ni pango lililo mita 43 juu ya korongo, karibu kimo cha jengo la ghorofa 14. Unafika kwa ngazi nne ndefu za mbao, zikiunganishwa na ngazi za mawe zilizochongwa kwenye mwamba. Inakadiriwa watu 25 hivi waliishi humo. Juu kuna kiva na matundu ya boriti za nyumba zilizoanguka, na ukigeuka unaliona korongo lote chini yako.

Kipimo chetu ni hiki: simama chini ya ngazi ya kwanza na utazame juu kwa dakika moja. Kama magoti yanalegea hapo, usipande, kwa sababu kushuka ndiko kugumu zaidi. Wanaokwama hukwama juu, wakishindwa kugeuka na kuweka mguu wa kwanza kwenye ngazi. Njia ya kufika chini ya pango ni tambarare na ina kivuli, hivyo hata asiyepanda atakuwa ametembea vizuri.

Kuna namna sahihi ya kupanda na kushuka?

Ipo. Uso uelekee ngazi muda wote, kupanda na kushuka. Kosa la kawaida ni mtu kushuka akiwa ameipa ngazi mgongo, kama anavyoshuka ngazi za nyumbani; kisigino kinateleza na hana cha kushika. Viungo vitatu viwe vimeshika kila wakati: mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja. Simu mfukoni. Asianze mtu mwingine kabla wa kwanza hajamaliza, na anayeshuka apishwe kwanza. Mbao za kukanyagia zimelainishwa na viatu vya maelfu ya watu hadi zinang'aa katikati, hivyo kanyaga karibu na mihimili ya pembeni.

Mtoto anaweza?

Mzunguko mkuu unafaa kwa watoto wanaotembea, mradi washikwe mkono gengeni. Kigari cha mtoto kinafika hadi Tyuonyi tu. Mtoto mchanga mfunge kwa mbeleko au kibebeo na utafurahia mzunguko bila shida, ila usipande naye ngazi ya mbao: mgongoni anakuvuta nyuma, na kifuani anakuzuia kuona unapokanyaga. Wazazi wapokezane, mmoja apande na mwingine abaki na mtoto.

Natumia kiti cha magurudumu. Nitaona nini?

Sehemu ya mwanzo, kupita kiva kubwa hadi Tyuonyi, ina njia ngumu iliyo karibu tambarare. Kutoka hapo genge lote liko mbele yako, na vyumba vinaonekana wazi. Ukiwa na darubini ndogo utaona hata matundu ya boriti. Uliza kituoni kuhusu njia ya chini kando ya kijito. Hali yake hutegemea mafuriko ya karibuni.

## Waliojenga na walikokwenda

Watu waliishi ndani ya mapango kweli?

Kwa sehemu tu. Tazama genge kwa makini na utaona mistari ya matundu madogo ya duara, yamejipanga sawasawa kama yaliyopimwa kwa kamba. Ndimo zilimoshindiliwa ncha za boriti za paa. Mbele ya genge kulikuwa na nyumba za mawe za ghorofa moja, mbili, hata tatu, na mapango yalikuwa vyumba vya ndani nyuma ya nyumba hizo. Kuta za mbele zimeanguka, vyumba vya nyuma vimebaki, na ndiyo maana leo yanaonekana kama makazi ya pangoni. Ukihesabu mistari ya matundu kwenda juu, unahesabu ghorofa.

Ingia chumba kimoja na umulike dari. Utaiona nyeusi kwa masizi. Moto ulipikia na kupasha joto, na masizi yalishika dari ikawa haimwagi vumbi kichwani mwa waliolala. Kuta za chini zilisiribwa kwa udongo, tena na tena, na sehemu nyingine utaona bado kipande cha siriba hiyo chenye rangi tofauti na mwamba. Alama za vidole na kucha za wageni wa zama zetu zimo pia, na zinauma kuzitazama.

Kwa nini upande huu wa korongo na siyo ule?

Genge hili linatazama kusini, hivyo jua la majira ya baridi hulipiga siku nzima na mwamba hutunza joto hadi usiku. Upande wa pili hubaki na theluji wiki nyingi. Chini kuna kijito kisichokauka, jambo adimu katika nchi hii. Walilima mahindi, maharage na maboga, wakafuga bata mzinga. Jina Frijoles lenyewe ni maharage kwa Kihispania.

Tyuonyi ilikuwa na watu wangapi?

Ilikuwa na vyumba kama 400, lakini wakazi wanakadiriwa kuwa kama 100. Vyumba vingi vilikuwa ghala. Mwaka mmoja wa ukame unaweza kufuatwa na wa pili, na familia isiyo na akiba haivuki. Boriti zilizobaki zimesomwa pete za miti, zikaonyesha ujenzi kati ya miaka 1383 na 1466. Wakati huohuo kulikuwa na watu gengeni. Si kweli kwamba walianza na mapango kisha wakastaarabika wakashuka.

Walipotelea wapi?

Hawakupotea. Kufikia katikati ya miaka ya 1500 walikuwa wamehamia vijiji vya kando ya mto Rio Grande. Ukame, udongo uliochoka na kuni zilizokwisha vinatajwa kuwa sababu. Wajukuu wao wapo. Watu wa Cochiti, wanaozungumza Kikeres, na wa San Ildefonso, wanaozungumza Kitewa, ni miongoni mwa wanaolitambua eneo hili kuwa la mababu zao, na Tyuonyi ni jina la Kikeres. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu mgeni anayeamini yuko kwenye magofu yasiyo na mwenyewe hutembea kwa namna nyingine kabisa.

Basi Bandelier ni nani?

Adolph Bandelier, mtafiti mzaliwa wa Uswisi, alifikishwa korongoni Oktoba 1880 na watu wa Cochiti. Wao walilijua siku zote. Rais Woodrow Wilson alipoliweka eneo chini ya ulinzi mwaka 1916, lilipewa jina la aliyeongozwa.

Kwa nini hamtumii neno Anasazi?

Neno hilo limetoka kwa Wanavajo, na mara nyingi hutafsiriwa kuwa mababu wa maadui. Wapueblo wengi hawapendi wazee wao waitwe hivyo. Sema Wapueblo wa kale.

## Mvua, barafu na mengineyo

Mvua ikinikuta?

Kati ya Julai na mapema Septemba mawingu hujikusanya adhuhuri na radi hupiga alasiri. Ukisikia ngurumo, shuka ngazini mara moja na uelekee kituoni. Usijikinge ndani ya Alcove House ukisubiri ipite. Ngazi zilizolowa ni hatari kuliko zilizokauka, na utashuka ukiwa na haraka.

Mafuriko ni hatari ya pili. Moto wa Las Conchas wa mwaka 2011 uliunguza sehemu kubwa ya msitu wa juu unaomwagia maji korongo hili, na udongo usio na miti haunywi mvua. Maji yanaweza kuja huku juu yako kukiwa na jua. Yakianza kuwa na rangi ya tope au kubeba vijiti, panda upande wa genge.

Desemba au Januari inafaa?

Inafaa sana kwa utulivu, na gari unashuka nalo mwenyewe. Ila ngazi za mawe zenye kivuli huganda, na Alcove House hufungwa kukiwa na theluji au barafu. Piga simu asubuhi kabla ya kuondoka mjini.

Naweza kuja na mbwa, au kurusha droni?

Vyote hapana. Mbwa haruhusiwi njiani, na kumwacha ndani ya gari kiangazi ni kumuua. Droni zimepigwa marufuku katika hifadhi za taifa.

Nimeokota kigae cha chungu. Nifanye nini?

Kirudishe palepale ulipokiona, siyo kwenye jiwe zuri la karibu ambako wengine wamepanga vigae vyao. Mahali kilipolala ndipo panapowaambia wanaakiolojia nani alipita na lini. Kuondoka nacho ni kosa la jinai chini ya sheria ya Marekani ya mwaka 1979. Ushauri huohuo unahusu vipande vyeusi vya kioo cha volkano.

Mbona baadhi ya mapango yamezibwa?

Popo hulala na kuzaa humo. Vyumba vinavyoruhusiwa ni vile tu vyenye ngazi ya hifadhi mbele yake. Tundu lisilo na ngazi usilipande, hata kama liko usawa wa kifua.

Nina saa moja zaidi. Niende wapi?

Tsankawi, karibu na White Rock. Ni mzunguko wa kama kilomita 2.4 juu ya mlima bapa, una ngazi za mbao na hauna kivuli. Watu wa San Ildefonso wanapaita kwao. Njia za kale zimelika ndani ya tufu, mahali pengine hadi kufika magotini, kwa nyayo za vizazi. Tembea ndani ya mfereji huo, mguu mbele ya mguu, usitanue njia kwa kukanyaga kingo.

Naweza kutembelea pueblo (vijiji vya Wapueblo) zinazokaliwa leo na kupiga picha?

Kila pueblo ina masharti yake. Nyingine hutoza kibali cha picha, nyingine hazitaki kamera kabisa, na nyingi hufunga milango kwa wageni siku fulani za ibada. Uliza ofisi ya pueblo kabla hujafika, na simu ibaki mfukoni mpaka ujibiwe.